Ukimtafuta mzee wa karne ya 19 kule Ohio au Iowa, anza na majirani zake

Wengi wanaoanza kazi hii ya kutafuta mababu wa ukoo wao Marekani hukimbilia jina. Wanaandika John Miller, Ohio, wanaletewa akina Miller lukuki, wanamchagua anayekaribiakaribia, na mti wa ukoo unapandwa hapohapo. Karani wa sensa aliandika alivyosikia, na Müller wa Ujerumani akawa Miller bila kuulizwa. Mzee wako mtambue kwa watu waliomzunguka: mke, watoto, majirani, mashahidi wake.

Anzia sensa ya 1900, urudi nyuma. Humo kila mama aliulizwa amezaa watoto wangapi na walio hai ni wangapi. Ukikuta 8 na 5, una watoto watatu wa kuwatafuta makaburini. Sensa ya 1890 isahau: karibu yote iliharibika kutokana na moto wa Januari 1921 huko Washington. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa 1881 akafariki 1899 hayumo katika sensa yoyote ya taifa iliyobaki. Iowa, Kansas na Minnesota zilifanya sensa zao 1885 na 1895, mchungulie humo. Ohio haikuwa na utaratibu huo.

Sensa za 1850 hadi 1870 zina mtego. Zinataja majina ya wanakaya bila kusema nani ni nani kwa nani. Uhusiano ulianza kuandikwa 1880. Mke ana miaka 26 na kijana wa kwanza ana 14? Piga hesabu mwenyewe. Tazama pia watoto walizaliwa wapi: mkubwa Ohio, wa kati Indiana, kitindamimba Iowa, na hapo umeshajua walipita wapi na takriban mwaka gani. Kwa familia zilizotoka utumwani kusini, 1870 ndiyo sensa ya kwanza ya taifa kuwataja watu hao kwa majina.

Ningeambiwa nichague nyaraka moja tu, ningechukua faili la pensheni la mjane wa askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Serikali haikumwamini kwa maneno matupu. Alitakiwa athibitishe ndoa, kifo cha mume na umri wa watoto, basi akaleta kiapo cha mkunga, kiapo cha jirani aliyehudhuria harusi, na wengine walichana kurasa za Biblia ya familia zenye tarehe za kuzaliwa wakazituma Washington. Kurasa hizo bado zimo kwenye baadhi ya mafaili.

Linalofuata kwa utamu ni faili la shamba la bure, chini ya sheria ya 1862: ekari 160 kwa atakayeishi hapo na kulima miaka mitano. Mzee anaulizwa nyumba ina ukubwa gani, kisima kipo, amelima ekari ngapi, anaishi na nani. Mhamiaji kutoka nchi nyingine aliambatisha karatasi za uraia. Mashahidi wake wawili waandike pembeni, maana mara nyingi utakuja kugundua mmoja ni shemeji. Mafaili haya ni ya Nebraska, Kansas, Minnesota na Dakota zaidi. Ohio ardhi ilikuwa imeshauzwa zamani, huko nenda kwenye vitabu vya mauziano ya ardhi vya kaunti.

Kwenye mirathi, ukiona watoto wamewekewa mlezi na mahakama, usimzike mama yao. Baba akifa, mahakama ingeweza kuteua mtu wa kusimamia mali ya watoto hata mama akiwa hai.

Cheti cha kuzaliwa cha Ohio cha 1850 usikihangaikie, kaunti zilianza kuandikisha vizazi 1867. Na kama aliishi Chicago, kumbukumbu za mahakama ya kaunti ziliteketea kwenye moto wa Oktoba 1871. Hapo nenda kanisani. Mchungaji wa Kilutheri aliyewahudumia Wanorwe au Wajerumani mara nyingi aliandika hata kijiji alikotoka muumini, wakati sensa kwa kawaida iliridhika na jina la nchi.