Intaneti ya nyumbani ikikata, weka pini chini kwanza

Nianze na aibu yangu. Mwaka juzi, usiku wa mvua, intaneti ya hapa nyumbani Tabata, Dar es Salaam, ilikata katikati ya mpira. Sebule imejaa wageni, mechi iko dakika ya sabini na kitu, picha ikaganda. Nikachomoa waya, nikachomeka, wapi. Nikabonyeza kila kitufe nilichokiona. Mwishowe nikamwomba mke wangu pini ya mtandio, nikaichomeka kwenye kile kitundu kidogo nyuma ya ruta kilichoandikwa RESET, nikahesabu moja mpaka kumi. Taa zote zikazima, zikawaka upya. Nikajiona fundi.

Kumbe mtaa mzima ulikuwa hauna intaneti. Lori lilikuwa limegonga nguzo huko barabarani, likashuka na waya. Kesho yake saa nne asubuhi majirani wote walikuwa hewani. Mimi nilikaa siku nne nikinunua bando la simu, maana ile pini ilikuwa imefuta mipangilio ambayo kampuni iliiweka ndani ya kifaa siku ya kufunga: jina la akaunti, nywila yake na vingine ambavyo mteja huwa hapewi. Zipo kampuni zinazoweza kuirudisha mipangilio hiyo zikiwa ofisini kwao. Ya kwangu ilisema mpaka fundi aje, na fundi alikuwa na foleni ya watu wa mvua.

Tangu siku hiyo nina sheria moja: sigusi kitu mpaka nijue njia imekatikia wapi. Maana intaneti ni safari. Inatoka kwenye simu yako, inaruka hewani hadi kwenye ruta, inaingia kwenye kifaa cha faiba (kile kinachopokea waya wa kampuni unaobeba mwanga), inatoka ukutani kwa waya, inapanda nguzo, inafika kwa kampuni, ndipo inakwenda duniani. Kila kituo kinaharibika kwa namna yake, na dawa ya kituo kimoja haitibu kingine. Mimi nilikuwa nampaka dawa ya macho mgonjwa wa mguu.

Kwa hiyo la kwanza, kabla ya yote: ni kifaa kimoja ndicho kilichokata au vyote? Kama simu ya mwanao inacheza katuni na kompyuta yako ndiyo haifungui kitu, ruta haina kosa, iache. Kompyuta yangu ya zamani iliwahi kunisumbua wiki nzima. Waifai imeshika vizuri, lakini kila tovuti inakuja na onyo kwamba si salama. Nimeilaani kampuni, nimeilaani serikali, kisha nikatupa jicho kwenye kona ya kioo: kompyuta inasema tuko mwaka 2015. Betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa, kila umeme ukikatika inarudi nyuma miaka. Tovuti nyingi siku hizi zina vyeti vyenye tarehe, kivinjari cha kompyuta ndicho kinachovikagua, na tarehe ikipishana sana mlango haufunguliwi. Nilirekebisha saa, yakaisha.

Kama vyote vimekata, nenda katazame taa. Zitazame tu, usibonyeze.

Mama mkwe wangu anaishi Tanga, na mimi ndiye fundi wake wa simu. Mara ya kwanza aliyopiga mazungumzo yalikwenda hivi:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hiki kidude chenu kimekufa.”

“Taa zinawaka?”

“Zinawaka zote, kama nyumba ya harusi.”

“Kuna nyekundu?”

Kimya. Nikasikia kiti kinaburuzwa, miwani inatafutwa. “Iko moja. Inakonyeza.”

“Pembeni yake pameandikwa nini?”

“L, O, S. Los. Ndiyo nini hiyo?”

Hiyo ndiyo taa niipendayo kuliko zote, kwa sababu haidanganyi. LOS ikikonyeza nyekundu, maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa, au unafika dhaifu mno. Hapo tatizo liko kwenye waya au huko nje, na hata ukizima na kuwasha mara mia hutabadilisha kitu. Taa ya PON ikiwa ya kijani na imetulia, waya wako mzima na kampuni imekitambua kifaa chako. PON ikiwa inakonyeza bila kutulia, kifaa bado kinabisha hodi. Kisha ipo ile ya INTERNET: kama PON imetulia lakini hii imezima au imekuwa nyekundu, mara nyingi mambo ni ya akaunti, na kabla hujamkasirikia mtu angalia kama umelipia mwezi huu. Nasema hivyo nikiwa na ushahidi wa nyumbani kwangu mwenyewe. Vifaa havifanani majina yote, lakini hizi tatu utazikuta kwenye vingi.

Kama hakuna nyekundu, sasa ruksa kuzima na kuwasha. Watu wanaidharau hii, eti ni jibu la watu wa huduma kwa wateja wasiojua kitu. Inafanya kazi, ila wengi wanaifanya vibaya: wanachomoa na kuchomeka kwa pumzi moja. Chomoa, kanywe maji, rudi baada ya dakika mbili. Ndani ya kifaa kunabaki chaji kidogo inayoshikilia kumbukumbu iliyochanganyikiwa, na mitambo ya kampuni nayo wakati mwingine inadhani bado uko hewani, hivyo ukirudi haraka inakukataa kama mtu anayetaka kuingia mara mbili kwa tiketi moja. Kama una vifaa viwili, anza kuwasha cha faiba, kisubiri PON itulie, ndipo uwashe ruta.

Ukiwa hapo hapo nyuma ya meza, tazama na adapta. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, mara nyingi adapta ndiyo inayokufa kwanza, na huenda isife kabisa: inabaki na nguvu ya kuwasha taa lakini si ya kuendesha kazi. Ruta inajizima na kujiwasha kila dakika chache, hasa watu wakiwa wengi. Na adapta zinafanana sana. Mdogo wangu aliwahi kufagia sebule, akabadilisha ya king'amuzi na ya ruta. Ya ruta imeandikwa volti 12 na ampea 1. Ile aliyoiweka ilikuwa volti 9. Tundu linaingia sawasawa, taa zinawaka, mtandao ndiyo hivyo tena. Sasa yangu nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito: RUTA, USIGUSE. Ukinunua mpya, linganisha volti ziwe zile zile, ampea zisipungue, na ncha ya katikati iwe chanya kama ya zamani. Michoro yote iko kwenye karatasi ya adapta.

Kuna hali nyingine inayochanganya: taa zote za kijani na bado hakuna kinachofunguka. Hapo nawasha kompyuta, nafungua lile dirisha jeusi la amri na kuandika ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, njia ya kwenda duniani ipo. Kilichokwama ni ile huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, yaani DNS. Ingia kwenye mipangilio ya waifai ya kompyuta, weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 kwa mkono, jaribu tena. Lakini kompyuta ikionyesha anwani yake inaanza na 169.254, basi hata hujafika nje ya sebule: ruta haijaipa anwani, imejipa yenyewe. Isahaulishe ile waifai, ingia upya na neno la siri, au unganisha kwa waya uone.

Na wakati mwingine hakuna kosa hata moja nyumbani kwako, wala Dar es Salaam. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilishinda nikichomoa na kuchomeka (bila pini, nilishakoma). Taa za kijani tupu, huku kimoja kinafunguka kwa kujivuta, kingine hakifunguki kabisa. Nikaja kujua jioni kwamba kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Sehemu kubwa ya intaneti yetu inapita chini ya bahari kwenye nyaya kama hizo, na Kenya, Uganda na Malawi nao walilia siku hiyo. Kebo ya baharini hutengenezwa kwa meli, hakuna la kufanya isipokuwa kusubiri kampuni zihamie njia nyingine. Siku hizi nikiona dalili ya namna hiyo, kabla ya kuinuka kwenye kiti nauliza kwenye kundi la WhatsApp la mtaa: “Jamani, kwenu ipo?” Swali la sekunde tano, ningeliuliza ile siku ya mpira ningemaliza mechi kwa bando na kulala.

Kuhusu waifai kuwa dhaifu chumbani sitasema mengi, maana hiyo si intaneti kukata. Toa ruta nyuma ya televisheni, usiifungie kwenye kabati, ipandishe juu. Ukiona majina mawili, moja limeishia na 5G, jua hiyo ni masafa ya gigahezi 5: ina kasi ukiwa karibu, lakini ukuta wa tofali unaichosha. Chumba cha mbali tumia ile nyingine. Na wenzangu wa ruta za laini ya simu: angalieni bando kwanza, halafu sogezeni ruta dirishani upande wenye mnara.

Nirudi kwenye ile taa nyekundu, maana ndiko nilikojifunza zaidi. Waya wa faiba si shaba. Ndani yake ni uzi wa kioo wenye kipenyo cha maikromita 125, na mwanga unapita kwenye kiini cha maikromita 9 hivi, chembamba kuliko unywele wako. Kioo hicho ukikikunja kwa kona kali, mwanga unavuja kwenye kona. Kwa hiyo LOS ikiwaka, fuata waya kwa macho kuanzia kifaa hadi unapotokea nje. Tafuta mguu wa kochi uliokaa juu yake, msumari uliozungushiwa, mlango unaoubana. Kwa mama mkwe ilikuwa kabati: walilisogeza wakipaka rangi, likaukandamiza waya ukutani. Waliposogeza kabati, nyekundu ikazima wakati tukiwa bado kwenye simu, akaniombea dua ndefu ambayo bado naitumia.

Usichomoe ile ncha ya kijani ukaipuliza kwa mdomo, mate na vumbi vinaiharibu. Na usiichungulie, wala usimruhusu mtoto aichungulie. Leza inayopita humo jicho haliioni, lakini ipo.

Waya ukiwa hauna kosa la kuonekana, ndipo unapiga simu, na unapopiga usiseme “mtandao haupo”. Hiyo ni sentensi ya watu elfu moja. Sema: namba ya akaunti yangu ni hii, LOS inakonyeza nyekundu tangu saa mbili usiku, majirani wanayo, nimekagua waya wa ndani. Ukisema hivyo yule dada anaacha kukusomea karatasi, anakuandikia fundi wa waya moja kwa moja. Omba namba ya malalamiko, uiandike. Wakikuzungusha siku nenda rudi, malalamiko yakishapita kwa kampuni bila jibu unaweza kuyapeleka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na huko wataihitaji hiyo namba.

Kwangu nyekundu ilikuja mwaka jana, mwezi wa nane, bila mvua wala lori. Fundi alifika na kipimo chake cha mwanga, kidude kidogo kama rimoti, akachomeka ncha.

“Ona bosi. Hasi thelathini na tatu.”

“Inatakiwa ngapi?”

“Ikiwa hasi kumi na tisa, ishirini, unalala usingizi. Ikishuka chini ya hasi ishirini na saba kifaa kinaanza kuyumba.”

Akaomba ngazi, akapanda darini na tochi mdomoni. Alikaa huko robo saa. Aliposhuka alikuwa na kipande cha waya mweusi kama urefu wa kidole, ganda lake limetafunwa mpaka nyuzi nyeupe za ndani zimechomoza, alama za meno zimejipanga kama za msumeno. Panya. Alikata pale, akaunganisha upya kwa ile mashine ya kuyeyusha kioo, akapima: hasi ishirini na moja.

Kuunganisha hakunitoza kitu. Bomba la plastiki la kupitishia waya darini nililinunua mwenyewe, na lilikuwa na bei ndogo kuliko bando nililonunua siku zile nne za pini. Panya bado wapo, usiku nawasikia wakikimbizana juu ya bodi. Waya tu ndio hawaufikii.