Fildi ya famasia: usiishie kuhesabu vidonge

Umeuliza ufanyeje, maana hii ni wiki ya pili upo fildi kwenye famasia ya hospitali hapa Dar na kazi unayopewa ni kuhesabu vidonge tu. Kuhesabu nako kuna somo lake: hesabu tano tano kwa kisu cha kuhesabia, usiguse kwa vidole, na ukimaliza amoksilini, ambayo ni jamii ya penisilini, futa trei kabla ya kuweka dawa nyingine. Vumbi lake linaweza kumdhuru mwenye mzio wa penisilini ambaye cheti chake cha dawa hakina amoksilini kabisa.

Ila usikae hapo. Mwombe msimamizi akupe cheti kimoja ukifuate tangu kinapopokelewa mpaka mgonjwa anaondoka dirishani, yeye akikuangalia.

Tuseme ni mtoto wa kilo 12 mwenye nimonia, kaandikiwa amoksilini miligramu 40 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, siku 5. Dozi moja ni miligramu 480. Sasa nenda kwenye rafu. Ukishika chupa ya miligramu 125 kwa mililita 5, kila dozi ni mililita 19.2, na siku zote 5 zinataka mililita 192. Ukitoa chupa moja ya mililita 100, dawa inaisha siku ya tatu na mama anadhani mtoto kamaliza dozi. Ukishika ya 250 kwa 5, dozi ni mililita 9.6, jumla 96, chupa moja inatosha. Kama kuna vidonge vya kuyeyusha vya 250, hivyo ni bora zaidi: viwili asubuhi, viwili jioni, jumla 20.

Dawa ya chupa hizo huja ikiwa unga, na kwenye kuuchanganya na maji ndiko wanafunzi wengi wanakoharibu. Gonga chupa kwanza unga uachane na kitako. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa, maana ya moto yanaharibu dawa. Tia kama theluthi mbili, tikisa mpaka madonge yaishe, subiri povu litulie, ndipo ujaze hadi kwenye alama, utikise tena. Ukijaza yote mara moja, unga wa chini unabaki mkavu; ukilowa baadaye kimo kinashuka na dawa inakuwa kali kuliko lebo inavyosema. Kama lebo imetaja kiasi cha maji, pima hicho kwa silinda, macho yakiwa usawa wa maji. Andika juu ya chupa tarehe ya kuchanganya na ya kumwaga. Nyingi ni siku 7, lakini fuata lebo.

Dirishani, usiulize “Umeelewa, mama?” Kila mtu atajibu ndiyo, hasa foleni ikiwa ndefu. Mpe bomba la mililita 10 lisilo na sindano, mwambie, “Mama, hebu nivutie dozi ya jioni nione.” Mistari midogo ya bomba hilo kwa kawaida ni 0.2, hivyo 9.6 ni mistari miwili kabla ya 10. Akivuta hewa nusu bomba, umegundua tatizo mapema. Kijiko cha jikoni akiache, hakuna viwili vinavyolingana.

Kwenye kitabu chako cha fildi usiandike “nimetoa dawa”. Andika uzito, hesabu, ulichokosea na aliyekusahihisha, asaini siku hiyohiyo. Akisaini wiki ya mwisho hatakumbuka chochote, na wewe pia.