Anga la giza kweli: jibu kwa aliyeuliza kama safari ya kutazama nyota katika jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, inafaa

Nenda, tena usisite. Kama umezoea anga la Nairobi, lenye nyota chache zilizofifia juu ya mwanga wa taa, Chalbi itakunyamazisha. Mimi nililala nje karibu na Kalacha, kule Marsabit, na kwa dakika chache za kwanza sikuona cha ajabu. Usikate tamaa hapo! Macho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na ukiwasha simu mara moja tu unaanza upya. Tumia tochi ya mwanga mwekundu hafifu.

Panga safari siku za mwezi mwandamo, mwezi mchanga unapotua mapema. Julai, ukishaingia usiku, Njia ya Maziwa, ule ukanda wa nyota zisizohesabika, inakatiza anga kama moshi mweupe, na sehemu yake nzito zaidi, kusini, ndiko kwenye kitovu cha galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo Jua letu limo, umbali wa miaka ya nuru takriban 26,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Kabla ya alfajiri angalia mashariki: Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota, kinachomoza, kile kile ambacho wazee walikitumia kujua majira ya kulima. Nilikitazama mpaka nikalia.

Beba blanketi, upepo wa kule hauna huruma.