Maswali na Majibu: Ndege ya Kivita Iliyoshindwa Kupaa Sacramento

Tangu nilipogusia ajali ya ndege aina ya Sabre iliyotokea Sacramento, California, Jumapili tarehe 24 Septemba 1972, ikaua watu 22 waliokuwa chini, 12 kati yao watoto, maswali hayajakoma. Ninajibu yale yanayostahili kujibiwa hadharani, pamoja na moja ambalo nimelichoka.

Je, ilikuwa ajali ya jeshi?

Hapana. Ilikuwa ndege ya kivita iliyoundwa Kanada na kampuni ya Canadair kwa leseni ya Wamarekani, ikastaafishwa jeshini, ikauzwa, na siku hiyo haikuwa tena mali ya jeshi. Ilikuwa ikiondoka kwenye onesho la ndege.

Injini ilizimika, sivyo?

Hili ndilo swali nililolichoka, kwa sababu kila ndege inaposhindwa kupaa watu huikimbilia injini kabla ya kusoma lolote. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani haikuitaja injini kuwa chanzo. Ilisema kwamba pua ya ndege iliinuliwa kupita kiasi wakati wa kuruka, na kwamba rubani hakuwa na umahiri wa kutosha katika ndege ya aina hiyo.

Mabawa ya Sabre yamelala nyuma kwa nyuzi 35. Bawa la namna hiyo ni zuri sana katika mwendo wa kasi, lakini katika mwendo mdogo halimvumilii rubani mwenye pupa. Akivuta usukani mapema na kuinua pua mno, bawa huanza kuikinga hewa badala ya kuikata, ukinzani hukua kuliko msukumo wa injini, na kasi hugoma kuongezeka ijapokuwa injini inanguruma kwa nguvu zake zote. Ndege inaweza hata kuinuka kidogo na kumdanganya rubani kwamba imepaa, kisha ikarudi chini. Dawa ni kuishusha pua ili kasi irudi, lakini kila sekunde inayopotea hula njia ya kurukia, na njia hiyo haiongezeki. Tena Sabre ya toleo hili, Mk 5, haikuwa na vile vibao vya ukingo wa mbele wa bawa vinavyochomoza vyenyewe kulisaidia bawa katika mwendo mdogo.

Wala jambo hili halikuwa geni. Ndege ya abiria ya Comet ilishindwa kupaa Roma mwezi Oktoba 1952, na nyingine ikaanguka Karachi mwezi Machi 1953 na kuua wote 11 waliokuwamo, zote mbili kwa pua kuinuliwa mno. Baada ya hapo ukingo wa mbele wa mabawa yake ukaundwa upya. Somo hilo lilikuwa na umri wa karibu miaka 20 siku ile ya Sacramento.

Rubani alikuwa na leseni. Kosa lake ni lipi?

Leseni humruhusu mtu kurusha. Haimfundishi tabia za kila ndege. Katika Sabre alikuwa na uzoefu usiofika saa nne. Nasema hivi bila kumkebehi, kwani aliyekosea zaidi machoni pangu ni utaratibu uliomruhusu mtu mwenye uzoefu huo kuipeleka ndege ya kivita mwisho wa njia ya kurukia iliyopakana na barabara yenye magari na maduka.

Rubani alipona?

Ndiyo, akiwa amevunjika mguu na mkono.

Kwa nini walikufa watoto wengi hivyo?

Ndege ilipita mwisho wa njia, ikavuka barabara ya Freeport, ikagonga magari na kuingia ndani ya duka la aiskrimu la Farrell's, mahali ambapo familia zilikuwa zikisherehekea siku za kuzaliwa na timu ya watoto ya mpira wa Kimarekani ilikuwa imekusanyika. Matangi ya mafuta yaliyoning'inizwa chini ya mabawa yalipasuka na moto ukazuka. Familia moja ilipoteza watu tisa. Ninawaomba wanaopitisha ramani za majengo karibu na viwanja vya ndege waisome habari hii kabla ya kutia saini, maana duka lile lilijengwa kwa vibali halali.

Lakini ajali haina kinga, ndugu mwandishi.

Msemo huo hufaa msibani kuwafariji wafiwa. Ukipelekwa kwenye uchunguzi unakuwa kisingizio. Ajali hii ilikuwa na kinga tatu: mafunzo ya kutosha, uwanja unaoifaa ndege, na eneo tupu mwisho wa njia. Zote tatu hazikuwapo.

Kulibadilika nini?

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliyakaza masharti ya kurusha ndege za jeti zilizotoka jeshini, hasa kuhusu mafunzo ya rubani katika aina yenyewe ya ndege na viwanja inavyoruhusiwa kutumia. Mjini Sacramento, wazimamoto walianzisha taasisi ya kuwahudumia walioungua mwaka 1973, kwa kuwa siku ile waliona jinsi majeruhi wa moto walivyokosa mahali maalumu pa kutibiwa.