Cheri chachu si mbadala wa dawa: maswali yenu na majibu

Maswali kuhusu cheri chachu, yale matunda madogo mekundu yenye kokwa, yamekuwa mengi. Naanza na lile lililonitia wasiwasi zaidi.

Nina ugonjwa wa jongo, kidole gumba cha mguu kikianza kuuma hata shuka siwezi kuivumilia. Nimeambiwa nikila cheri chachu kila siku naweza kuacha dawa yangu ya alopurinoli. Ni kweli?

Usiache dawa, tafadhali. Habari hiyo najua chimbuko lake. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 633 wa jongo kwa mwaka mzima. Mgonjwa aliyekula cheri katika siku mbili zilizotangulia alikuwa na uwezekano mdogo wa kushikwa na maumivu, pungufu kwa asilimia 35. Hicho ndicho watu wanachokisimulia. Wasichokisimulia ni kwamba kwa waliokula cheri huku wakimeza alopurinoli, uwezekano ulipungua kwa asilimia 75. Nafuu kubwa ilipatikana pale tunda lilipoandamana na dawa.

Tena utafiti ule uliwaangalia watu wakila walivyozoea tu. Baadaye wagonjwa 50 waligawanywa makundi, wengine wakapewa juisi nzito ya cheri chachu na wengine kinywaji kisicho na cheri, kwa siku 28. Asidi ya yuriki kwenye damu haikushuka. Na asidi hiyo ndiyo chanzo cha ugonjwa wako: ikizidi, inaganda kuwa chembe kali ndani ya kiungo. Alopurinoli inapunguza utengenezaji wake mwilini. Cheri, kwa dalili tulizonazo, huenda inatuliza uvimbe tu, kwa msaada wa anthosianini, ile rangi inayolipatia tunda wekundu wake. Ukiacha dawa unaweza kukaa wiki kadhaa bila maumivu ukadhani umepona, kumbe chembe zinaendelea kujijenga, na figo nazo ziko hatarini. Kula cheri zako, na dawa umeze kama ulivyoandikiwa.

Silali vizuri. Juisi ya cheri chachu itanisaidia?

Inawezekana, kwa kiasi. Mwaka 2012 watu 20 wenye afya njema waliinywa kwa siku 7, na usingizi wao ukaongezeka kwa takriban nusu saa. Utafiti mwingine, uliohusisha wazee wenye shida ya kukosa usingizi, ulipata nafuu kubwa zaidi, lakini waliomaliza walikuwa 8 tu. Kwa idadi hiyo mimi siwezi kumwahidi mtu chochote.

Husemwa kuwa siri ni melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa usiku umeingia. Kweli imo, ila ni kidogo mno: gramu 100 za cheri chachu zina kama sehemu moja ya elfu ya miligramu, wakati kidonge cha melatonini huwa na miligramu nzima au zaidi. Kama juisi inasaidia, basi kuna jambo jingine linalofanya kazi. Ijaribu, lakini kama kukosa usingizi kumekuwa kwa miezi, mwone daktari.

Nakimbia mbio ndefu. Wenzangu wanakunywa juisi ya cheri chachu, nami nianze?

Hapa ushahidi ni mzuri kuliko kwingine. Wakimbiaji wa marathoni ya London waliokunywa juisi hii siku 5 kabla ya mbio, siku yenyewe na siku 2 baada yake, walirudiwa na nguvu za misuli mapema kuliko wenzao. Zingatia mpangilio huo: walianza kabla. Ukiikumbuka wakati miguu imeshakaza, umechelewa.

Nina kisukari. Kwa kuwa ni chachu, si haina sukari?

Inayo. Gramu 100 za tunda bichi zina sukari kama gramu 8, pungufu ya cheri tamu zenye kama 13. Uchachu unatokana na asidi nyingi, si kwa kukosa sukari. Tunda zima linakufaa kwa kiasi, maana lina nyuzinyuzi. Juisi ndiyo ya kuogopa: glasi moja inaweza kufikia gramu 25 za sukari hata kama hakuna iliyoongezwa. Chukua chupa, igeuze, usome orodha ya viambato. Mara nyingi cha kwanza ni juisi ya tufaha au zabibu, cheri iko nyuma kabisa, na picha ya mbele ni ya cheri tupu. Na cheri zilizokaushwa nyingi hutiwa sukari, maana bila hiyo zinakunjisha uso.

Za kugandishwa zina faida sawa na mbichi?

Ndiyo, karibu sawa. Cheri chachu ni laini na huharibika upesi, hivyo nyingi hugandishwa mara baada ya kuvunwa. Zikiyeyuka usimwage yale maji mekundu. Rangi ndiyo unayoitafuta.

Mwanangu amemeza kokwa la cheri. Nifanye nini?

Kokwa moja likimezwa zima kwa kawaida hupita tumboni na kutoka na choo bila madhara. Hatari iko kwenye kulitafuna, kwa sababu kiini chake kikisagika hutoa sumu ya sayanidi. Aliyetafuna kadhaa, akaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika au kuhema kwa shida, apelekwe hospitali papo hapo. Kwa watoto wadogo toa makokwa yote na ukate tunda vipande, wasije wakapaliwa.