Mwanajiolojia anayetaka kufundisha nishati jadidifu

Ndugu yangu, umeuliza kama mwenye shahada ya jiolojia analazimika kuanza upya na uhandisi ndipo afundishe nishati jadidifu. Mimi sikulazimika, ingawa lipo pengo ambalo nililiziba kwa taabu.

Nilifanya kazi miaka tisa kwenye visima vya jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi linalozalisha umeme, vya Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981. Kazi yangu ilikuwa kupokea chenga za mwamba zilizopandishwa kutoka kisimani, kuziosha, kuzitazama kwa hadubini na kuzidondoshea asidi, kwani zikitoa povu basi pana kalsaiti, madini ya chokaa. Ilipojitokeza epidoti, madini ya kijani kinachoelekea manjano, tulijua kuwa mwamba ule umewahi kufikia nyuzi joto 250 hivi. Nasema umewahi kwa makusudi: madini hubaki hata joto likiondoka, na kipimajoto kikishushwa kisimani kikasoma nyuzi 180, basi sehemu hiyo imepoa, na pesa za kuchimba zimekwenda.

Somo hilo moja ndilo lililonifanya mwalimu, lakini si kwa jaribio la kwanza. Mhadhara wangu wa mwanzo, katika chuo kimoja cha ufundi, niliujaza majina ya madini mbele ya vijana wa umeme, nao wakanitazama kama mtu anayesoma orodha ya dawa. Juma lililofuata nilikwenda na sinia la chenga na chupa ya asidi, nikawaachia wenyewe wabishane ni kina kipi kinafaa kutoa mvuke. Kipindi kilipitiliza saa nzima.

Pengo lenyewe lilikuwa kwenye mitambo iliyo juu ya ardhi. Mwanafunzi aliniuliza kwa nini maji hutenganishwa na mvuke kabla ya kufika kwenye turbaini, mashine inayozungushwa na mvuke ili kuzalisha umeme, nikababaika. Baadaye mhandisi wa zamu ya usiku alinieleza kwamba matone huyatafuna mapanga ya turbaini, na kwamba maji yaliyotenganishwa hurudishwa ardhini ili hifadhi ya maji moto iliyo chini isikauke. Jifunze termodinamiki, elimu ya joto na nishati, kwa mtu wa namna hiyo kabla ya kulipia karo.

Wengi watakushauri ukimbilie sola kwa kuwa ndiyo yenye soko. Sikubaliani nao, walimu wa sola wapo, ila anayeweza kumsomea mwanafunzi mwamba ni nadra. Ukiwa bado kazini, omba ruhusa rasmi ya kuhifadhi sampuli chache, na uandike kina kwenye kila mfuko kwa wino usiofutika. Zangu nusu hazina maandishi, na hazinifai kitu.