Kuacha ajira ya kudumu uende kampuni changa? Mimi nilienda, yaliyonikuta haya

Mkuu umesema una ajira ya kudumu, laki tisa mkononi, na hao vijana wa programu ya mikopo wanakupa milioni na nusu pamoja na hisa, uende au ubaki. Mimi nilienda. Nilikuwa afisa mauzo sehemu imetulia kabisa, nikahamia kwa jamaa wa programu ya kusambazia bidhaa madukani, ofisi Kijitonyama kule Sayansi, mshahara karibu mara mbili, mama watoto akashangilia.

Miezi kumi raha mustarehe. Unajua nilijuaje mambo yameharibika? Dumu la maji. Lile la lita 20 pale kwenye mashine likiisha lilikuwa linabadilishwa siku hiyo hiyo, sasa wiki moja likakaa tupu mpaka Ijumaa watu tunachangishana mia tano tano, nikajisemea hapa pamekwisha. Mwisho wa mwezi meseji ikaingia kwenye grupu la WhatsApp, mshahara utachelewa kidogo, mwekezaji anamalizia makaratasi. Mpaka leo anamalizia.

Kilichoniuma zaidi ni NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwenye salari slipu nakatwa asilimia 10 kila mwezi na wao waweke 10 yao, naenda kuangalia taarifa yangu michango ya miezi mitano haipo! Yaani hela yangu ndo ilikuwa inalipa umeme wa ofisi.

Wamefunga nina miezi 16. Kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwa hiyo mimi siku 7 basi. Nikaenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kudai mishahara (usizubae, ni ndani ya siku 60), nikashinda, ila kushinda na kulipwa ni vitu viwili, kampuni imebaki na viti na laptopu mbili utamkamata nani.

Sikukatazi, mimi mwenyewe ningeenda tena, kazi niliyojifunza pale ndo inanilisha sasa hivi. Ila ningewauliza kabla ya kusaini: hela iliyopo benki leo, bila mwekezaji mpya, inalipa mishahara mpaka mwezi gani? Akianza kukuelezea ndoto za Afrika Mashariki nzima ujue hana jibu. Hizo hisa kama hazipo kwenye karatasi usizipigie hesabu ya kodi ya nyumba. Na ujue chini ya miezi 6 kazini huwezi kwenda kulalamika umeachishwa kwa uonevu, kule kwako kwa zamani hiyo kinga unayo tayari.

Kwani mkataba wao umeandika miezi mingapi ya majaribio?